Kodi Iliyofichwa Ndani ya Bei: Umeme wa Jua katika Nyumba ya Kaengesa

Serikali ikitaka wananchi wafanye jambo fulani pasipo kuwalazimisha, mojawapo ya njia zake ni kodi. Jambo linalotakiwa hupunguziwa kodi, na lisilotakiwa huongezewa. Katika miaka ya karibuni njia hii imetumika katika nchi nyingi kuwavutia wenye nyumba wafunge mitambo ya umeme wa jua juu ya mapaa yao. Namna ya kuitumia, hata hivyo, haifanani kila mahali, na tofauti hiyo ndiyo inayoamua ni nani hasa atakayefaidika.

Mfano unaotajwa mara nyingi ni wa Marekani. Sheria iliyopitishwa huko mwaka 2005 ilimruhusu mwenye nyumba aliyefunga paneli za jua kukata asilimia 30 ya gharama zake kutoka katika kodi ya mapato aliyodaiwa. Kiwango kilishuka hadi asilimia 26 mwaka 2020, kikarudishwa 30 mwaka 2022, na sheria ya Julai 2025 ikaufuta msamaha huo kwa mitambo yote ya nyumbani iliyogharamiwa baada ya tarehe 31 Desemba 2025. Katika muda wote huo sharti moja halikubadilika: msamaha ulipunguza kodi inayodaiwa. Mtu asiyedaiwa kodi ya mapato hakuwa na kitu cha kupunguziwa.

Ichukuliwe sasa nyumba moja ya Kaengesa, katika wilaya ya Sumbawanga, iliyo mbali na nguzo za umeme. Wenye nyumba wanalima mahindi, maharage na alizeti, na wana ng'ombe wachache. Tanzania Bara haimtozi mtu binafsi kodi ya mapato ikiwa mapato yake hayazidi shilingi 270,000 kwa mwezi, na kaya nyingi za wakulima wadogo wa Ufipa ziko chini ya kiwango hicho. Msamaha wa namna ya Marekani ungefika mlangoni mwa nyumba hiyo ukakuta hakuna deni la kupunguza. Je, ina maana kwamba kaya hii haikupewa chochote? La. Imepewa, lakini bila kujaza fomu na pengine bila kujua, kwa sababu msamaha wake umo ndani ya bei ya vitu dukani. Kazi ya somo hili ni kuutafuta msamaha huo, kuupima, na kuona una uzito gani ukilinganishwa na mambo mengine yanayoikabili nyumba hiyohiyo.

JUA LA UFIPA

Kabla ya hesabu ya fedha hapana budi kufanya hesabu ya jua. Kaengesa iko nyuzi 8 hivi kusini mwa Ikweta, juu ya uwanda wa Ufipa, kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa. Uwanda huo una mwinuko wa karibu mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na kwa sababu hiyo kanieneo ya hewa yake ni kama asilimia 80 tu ya ile ya pwani. Mionzi inapita katika hewa pungufu, na siku ya anga safi hufika ardhini ikiwa na nguvu. Wakati wa adhuhuri mita moja ya mraba inayolielekea jua hupokea wati 1,000 hivi.

Paneli yenyewe ni vipande vya silikoni vilivyounganishwa. Mwanga unapoipiga silikoni huzifungua elektroni, nazo hukimbilia upande mmoja na kufanya mkondo wa umeme. Edmond Becquerel wa Ufaransa aliona mwanga ukizaa umeme mwaka 1839, lakini seli ya silikoni ya kwanza iliyofaa kwa matumizi ilitengenezwa mwaka 1954 katika maabara za Bell huko Marekani, nayo iligeuza asilimia 6 hivi tu ya mwanga kuwa umeme. Paneli za nyumbani zinazouzwa siku hizi hufikia asilimia 20. Kwa hiyo robo ya mita ya mraba yatosha kutoa wati 50 adhuhuri.

Watu wengi hudhani kwamba mahali penye joto kali ndipo panapofaa zaidi kwa paneli. Fikra hiyo ni potofu. Paneli hutaka mwanga, haitaki joto. Wati zilizoandikwa nyuma yake zimepimwa silikoni ikiwa na nyuzi 25 za sentigredi, na kila nyuzi moja inayozidi hapo hupunguza nguvu kwa asilimia 0.4 hivi. Adhuhuri ya jua kali silikoni huwa na joto la nyuzi 25 hivi zaidi ya hewa iliyoizunguka. Ufipa, hewa ikiwa na nyuzi 25, silikoni hufikia 50 na hasara huwa asilimia 10. Dar es Salaam, hewa ikiwa na nyuzi 32, silikoni hufikia 57 na hasara huwa karibu asilimia 13. Baridi ya Sumbawanga, inayowafanya wageni wajifunike mablanketi mawili mwezi Juni, kwa paneli ni neema.

Upande wa kuielekeza paneli nao huamuliwa na jiografia. Kaengesa jua la adhuhuri hupita utosini mara mbili kwa mwaka, karibu na tarehe 28 Februari na tarehe 14 Oktoba. Mwezi Juni huwa upande wa kaskazini, nyuzi 58 na nusu juu ya upeo wa macho. Mwezi Desemba huwa kusini, nyuzi 74 na nusu. Kwa muda mrefu zaidi wa mwaka jua liko kaskazini, kwa hiyo paneli huinamishwa kuelekea huko, nyuzi 10 hadi 15. Mwinamo huo pia huifanya mvua isafishe vumbi. Fundi anayeilaza paneli bapa juu ya bati kwa kufuata tu mteremko wa paa, bila kuuliza kaskazini ni wapi, anamuibia mwenye nyumba umeme ambao hakuna msamaha wa kodi utakaomrudishia.

Mvua za Ufipa hunyesha kwa msimu mmoja, toka Novemba hadi Aprili. Hicho ndicho kipindi cha mawingu, na ndicho mtambo unachopaswa kukadiriwa nacho. Mtu anayekadiria kwa jua la Julai atawasha taa Julai na kukaa gizani Januari.

KIASI CHA MTAMBO

Nyumba ya mfano wetu ina taa nne za LED za wati 5, zinazowaka saa 5 kila usiku, yaani wati-saa 100. Redio ya wati 5 kwa saa 6 hutumia wati-saa 30. Simu mbili zikichajiwa hutumia wati-saa 16 hivi. Jumla ni wati-saa 146 kwa siku. Umeme mwingi hupotea katika nyaya, katika betri na kwa sababu ya joto na vumbi, kwa hiyo yafaa kuhesabu kwamba kinachofika ni asilimia 65 tu. Gawanya 146 kwa 0.65, jibu ni 225 hivi. Ikiwa siku ya msimu wa mvua hutoa mwanga ulio sawa na saa 4 na nusu za jua kamili, paneli inayohitajika ni 225 gawanya kwa 4.5, yaani wati 50.

Betri nayo iweze kuhimili siku mbili za mawingu. Mara mbili ya 146 ni 292. Betri ya risasi haifai kutolewa umeme kupita nusu, la sivyo hufa mapema. Kwa hiyo zinahitajika wati-saa 584, ambazo kwa volti 12 ni karibu ampea-saa 49. Betri ya ampea-saa 50 yatosha. Kati ya paneli na betri huwekwa kidhibiti, ambacho huizuia betri isijae kupita kiasi wala kukaushwa.

MSAMAHA ULIPOFICHWA

Mwaka 2005 Serikali ya Tanzania iliondoa ushuru wa forodha na Kodi ya Ongezeko la Thamani kwenye sehemu kuu za mitambo ya jua, yaani paneli, betri, inveta na vidhibiti. Kodi hiyo ya Ongezeko la Thamani, iliyoanza kutozwa nchini Julai 1998, wakati huo ilikuwa asilimia 20. Ilishuka hadi 18 mwaka 2009. Sheria mpya ya kodi hiyo ilipotungwa mwaka 2014, jedwali lake la misamaha liliendelea kuvitaja vitu hivyo kimoja kimoja: paneli, vidhibiti, inveta, taa za jua, vifaa vya kuchemshia maji kwa jua, na betri za jua. Sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 nayo ina kifungu cha kusamehe ushuru vifaa maalumu vya umeme wa jua na wa upepo.

Neno la kuangaliwa hapa ni "kimoja kimoja". Msamaha haukutolewa kwa nyumba, wala kwa mtambo mzima. Ulitolewa kwa vitu vilivyotajwa. Waya, swichi, soketi, taa za kawaida za LED, nondo za kushikilia paneli, misumari na gundi ni bidhaa za kawaida, na hulipiwa kodi kama zinavyolipiwa katika nyumba yoyote. Hesabu ifuatayo, yenye bei za kubuni ili kurahisisha somo, huonyesha matokeo yake.

Paneli iwe shilingi 80,000, kidhibiti 30,000 na betri 170,000, kabla ya kodi. Jumla ya vitu vilivyosamehewa ni shilingi 280,000. Waya, swichi, taa na nondo viwe shilingi 120,000. Ujira wa fundi wa kijijini, ambaye hakusajiliwa kutoza kodi hii, uwe shilingi 40,000. Pasingekuwa na msamaha wowote, kodi ya asilimia 18 ingetozwa juu ya shilingi 400,000, yaani shilingi 72,000, na gharama yote ingekuwa shilingi 512,000. Kwa kuwa upo msamaha, kodi hutozwa juu ya shilingi 120,000 tu, yaani shilingi 21,600, na gharama huwa shilingi 461,600. Kaya imepunguziwa shilingi 50,400. Si kidogo, hata hivyo ni chini ya asilimia 10 ya gharama ambayo ingelipwa. Anayesikia redioni kwamba "sola imesamehewa kodi ya asilimia 18" akatazamia bei ishuke kwa kiasi hicho ataona kama amedanganywa na mwenye duka, na huenda mwenye duka hana kosa.

Iko sababu ya pili, iliyojificha zaidi, nayo huwachanganya hata watu wazima. Kusamehewa kodi na kutozwa kodi kwa kiwango cha sifuri si jambo moja. Mfanyabiashara aliyesajiliwa hulipa kodi anaponunua bidhaa na huduma za kuendeshea biashara yake: kusafirisha mizigo, umeme wa duka, pango, matangazo. Akiuza bidhaa zinazotozwa kodi, hata kwa kiwango cha sifuri, huruhusiwa kudai arudishiwe kodi hiyo. Akiuza bidhaa zilizosamehewa haruhusiwi. Kwa hiyo huibeba na kuiweka katika bei. Ikiwa gharama za namna hiyo kwa kila paneli ni shilingi 10,000, kodi ya shilingi 1,800 itabaki imenata ndani ya bei ya kitu ambacho kwa jina hakina kodi. Paneli ya Kaengesa imesafiri zaidi ya kilomita 1,100 kutoka bandarini Dar es Salaam hadi Sumbawanga, kupitia Mbeya na Tunduma, na kila kituo njiani kimeongeza tone lake. Mbali na bandari ndiko kodi iliyonata huwa nzito zaidi, na huko huko ndiko mtambo wa jua unakohitajika zaidi.

Ujerumani iliipita hila hii kwa kutumia njia ya pili. Tangu tarehe 1 Januari 2023 mitambo ya jua inayofungwa kwenye nyumba za kuishi huko hutozwa kiwango cha sifuri, na sifuri hiyo huhusu pia kazi ya kufunga na vifaa vinavyoandamana nayo. Yafaa kuona kwamba wazo la kuondoa kodi hiyo kwenye paneli lilitekelezwa Tanzania miaka 17 na zaidi kabla ya Ujerumani. Tofauti ni katika maneno machache ya sheria.

Ipo pia taabu ya kutambua kitu. Betri haina alama ya kuzaliwa inayosema itafungwa kwenye paneli au kwenye trekta, na inveta yaweza kutumika katika nyumba yenye umeme wa gridi ili kujikinga na kukatika. Ofisa wa forodha anapaswa kuamua ipi ni ya jua. Kadiri jedwali la sheria linavyotaja vitu kwa ufinyu, ndivyo mabishano bandarini yanavyoongezeka, na gharama ya kuchelewa hulipwa na mnunuzi wa mwisho.

Kenya imeonyesha lililo baya kuliko yote, yaani kodi isiyotulia. Sheria ya mwaka 2013 iliweka kodi ya asilimia 16 kwenye vifaa vya jua vilivyokuwa vimesamehewa. Mwaka 2014 msamaha ukarudishwa. Mwaka 2020 kodi ikawekwa tena, na mwaka 2021 ikaondolewa tena. Mwagizaji anayengoja meli kwa miezi hawezi kujua atauza kwa bei gani, kwa hiyo huagiza kidogo au hupandisha bei ili kujilinda. Tanzania nayo hurekebisha majedwali yake kila mwaka kwa Sheria ya Fedha, inayopitishwa mwezi Juni. Mwalimu atakayefundisha somo hili aangalie jedwali la mwaka wake.

KODI YA MAFUTA YA TAA

Kodi iliyoisukuma nyumba ya kijijini kuelekea umeme wa jua kwa nguvu pengine kuliko msamaha wowote ilikuwa nyongeza, tena haikukusudiwa hivyo. Mwaka 2011 ushuru wa mafuta ya taa ulipandishwa kutoka shilingi 52 hadi shilingi 400.30 kwa lita. Lengo lilikuwa kukomesha uchakachuaji. Mafuta ya taa yalikuwa na ushuru mdogo kuliko dizeli, basi wafanyabiashara wasio waaminifu waliyachanganya na dizeli na kuharibu injini za magari ya watu. Ushuru ulipokaribiana faida ya kuchanganya ilitoweka. Lakini aliyekuwa akinunua chupa moja ya mafuta kwa ajili ya koroboi hakuwa amechakachua chochote, naye alilipa nyongeza hiyohiyo.

Ikiwa nyumba ilitumia lita 3 kwa mwezi, nyongeza ya shilingi 348.30 kwa lita ilikuwa shilingi 1,044.90 kwa mwezi, au shilingi 12,538.80 kwa mwaka. Kwa miaka minne hufika shilingi 50,155. Kiasi hicho ni karibu sawasawa na shilingi 50,400 ambazo msamaha wa paneli uliipa nyumba ya mfano. Ndiyo kusema mkono mmoja wa kodi ulichukua kwa miaka minne kile ambacho mkono wa pili uliahidi kukirudisha siku ya kununua paneli. Na kwa nyumba isiyoweza kununua paneli, ulichukua tu. Mwanafunzi wa uchumi aliyeambiwa kwamba kodi kubwa juu ya nishati chafu na kodi ndogo juu ya nishati safi ni sera moja yenye pande mbili, aikumbuke nyumba hiyo.

NGUZO IKIFIKA

Msamaha wa kodi ya jua hauwezi kupimwa peke yake, kwa kuwa upo umeme mwingine unaopewa msaada mkubwa zaidi. Mji wa Sumbawanga kwa miaka mingi ulitegemea umeme ulionunuliwa Zambia pamoja na mitambo ya dizeli. Sheria ya Nishati Vijijini ya mwaka 2005 iliunda Wakala wa Nishati Vijijini, ulioanza kazi mwaka 2007, na fedha zake kwa sehemu hutokana na tozo ya asilimia 3 iliyomo katika kila ununuzi wa LUKU. Kwa fedha za namna hiyo nyumba ya kijijini iliyo karibu na laini huunganishwa kwa shilingi 27,000.

Mtumiaji mdogo, asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, aliwekewa mwaka 2016 bei ya shilingi 100 kwa uniti. Ikiongezwa kodi ya asilimia 18, tozo ya Wakala ya asilimia 3 na ya mdhibiti, EWURA, ya asilimia 1, hufika shilingi 122. Hii ndiyo sababu watu walizoea kupata uniti 8.2 kwa shilingi 1,000. Nyumba ya mfano, inayotumia wati-saa 146 kwa siku, hutumia uniti 4.4 hivi kwa mwezi. Kwa bei hiyo ingelipa kama shilingi 535. Mtambo wake wa jua uligharimu shilingi 461,600, na betri itabidi ibadilishwe baada ya miaka michache. Hata gharama ya kutandaza nyaya ndani ya nyumba ikiongezwa, hakuna msamaha wa kodi unaoweza kulifuta pengo hilo. (Katika miji, tangu Agosti 2021, kodi ya jengo nayo hukatwa kupitia LUKU, kwa hiyo mita imekuwa pia mkusanyaji wa kodi, jua halina mita.)

Kwa hiyo swali lenye maana kwa Ufipa ni umbali. Vijiji vya uwandani vimetawanyika, na laini ikifika kijijini haina maana kwamba imefika katika kila kitongoji. Nyumba iliyo hatua chache kutoka kwenye nguzo haina sababu ya kiuchumi ya kununua mtambo wa jua, isipokuwa kama akiba wakati umeme umekatika. Nyumba iliyo kilomita mbili kutoka kwenye nguzo haina mwingine wa kumtegemea. Ripoti ya hali ya upatikanaji wa nishati Tanzania Bara ya mwaka 2016 ilionyesha kwamba kati ya kaya za vijijini zilizokuwa na umeme, asilimia 64.8 ziliupata kutoka kwa jua na asilimia 34.5 kutoka gridi. Umeme wa kijijini wakati ule, kwa sehemu kubwa, ulikuwa umeme wa jua, na wenye nyumba wengi walikuwa wameununua kwa fedha zao.

Serikali ililitambua jambo hilo. Chini ya mradi wa TEDAP, ulioidhinishwa na Benki ya Dunia mwaka 2007, vijiji vya Sumbawanga vijijini vilichaguliwa kujaribu mpango ambao kampuni inayopewa zabuni ya kufunga umeme wa jua katika shule na zahanati huwauzia pia wenye nyumba wa jirani. Mantiki yake ni kwamba fundi akishafika kijijini kwa gharama ya zahanati, safari yake haimgharimu tena mwenye nyumba. Kwa mahali palipo mbali na bandari huo ni msaada wa maana, na kodi haikuguswa.

FEDHA TASLIMU

Msamaha wa kodi humfaidia anayenunua. Asiyenunua hafaidiki, na wengi hawanunui kwa sababu hawana shilingi 461,600 siku moja. Ufipa fedha huja baada ya mavuno, mahindi yanapouzwa katikati ya mwaka. Kufikia Januari, msimu wa mawingu na wa palizi, mfuko umekwisha. Ndiyo maana mipango ya kulipa kidogo kidogo kwa simu imeenea. Ichukuliwe kwamba mtambo uleule unauzwa kwa malipo ya shilingi 20,000 kila mwezi kwa miezi 36. Jumla ni shilingi 720,000. Tofauti na bei ya taslimu ni shilingi 258,400, zaidi ya mara tano ya msamaha wa kodi. Gharama ya kukosa fedha mkononi ni kubwa kuliko kodi ambayo ingelitozwa, na malipo ya kila mwezi hayafuati kalenda ya mkulima anayepata fedha mara moja kwa mwaka. Mtunga sera anayetaka kuisaidia nyumba hii angetazama riba na ratiba ya malipo kabla ya kuligusa tena jedwali la kodi.

WATI ZILIZOANDIKWA NA WATI ZILIZOMO

Kodi husamehewa kwa kilichoandikwa. Paneli iliyoandikwa wati 50 lakini inayotoa 30 husamehewa sawa na iliyo ya kweli, na mnunuzi amepoteza asilimia 40 ya thamani ili kupata msamaha usiofika asilimia 10. Shirika la Viwango Tanzania hutoa viwango na kukagua, lakini shule yenye mita ya kupimia volti na ampea yaweza kufanya uchunguzi wake yenyewe.

Paneli halisi ya wati 50, iliyotengenezwa kwa ajili ya betri ya volti 12, hutoa volti 22 hivi ncha zake zikiwa wazi, na ampea 3 hivi ncha zikiunganishwa kupitia mita, katika jua kamili. Jaribio lifanywe adhuhuri ya anga safi, paneli ikilielekea jua, mita ikiwa imewekwa kwenye kipimo cha ampea 10. Volti pekee hazitoshi, maana hata paneli dhaifu huweza kuonyesha volti 20; ampea ndizo zinazosema kweli, kwa kuwa hufuata wingi wa mwanga unaogeuzwa. Paneli inayotoa ampea 1.8 badala ya 3 ni ya wati 30, lolote liandikwalo mgongoni. Mwanafunzi mmoja afunike seli moja tu kwa kiganja huku mwenzake akisoma mita: ampea zitaanguka mno kuliko ukubwa wa kiganja, kwani seli zimefungwa kwa mfululizo na iliyo kivulini huzizuia zote. Tawi la mparachichi juu ya bati hufanya vivyo hivyo kila siku.

Ncha za betri zisiunganishwe kamwe kwa namna hii. Betri ndogo ya risasi yaweza kutoa mamia ya ampea kwa ghafla na kumuunguza mtu.

MAZOEZI

1. Katika hesabu ya nyumba ya mfano, waya, swichi, taa na nondo navyo vikisamehewa kodi, kaya itaokoa kiasi gani zaidi, na jumla ya msamaha itakuwa asilimia ngapi ya shilingi 512,000?

2. Nyumba iliyotumia lita 2 za mafuta ya taa kwa mwezi ilihitaji miaka mingapi ili nyongeza ya ushuru ya mwaka 2011 ifikie shilingi 50,400?

3. Duka moja la Sumbawanga lina gharama zenye kodi za shilingi 15,000 kwa kila betri. Eleza bei itabadilika vipi sheria ikihamisha betri kutoka msamaha kwenda kiwango cha sifuri, na kwa nini huenda mwenye duka asiishushe bei hata hivyo.

4. Chora mwelekeo wa jua la adhuhuri Kaengesa mwezi Juni na mwezi Desemba. Kisha tafuta, kwa nyumba iliyo nyuzi 3 kusini mwa Ikweta, kama kuna haja ya kuielekeza paneli kaskazini.

5. Pimeni paneli tatu zilizopo kijijini kwenu, kwa ruhusa ya wenyewe. Andikeni wati zilizoandikwa, ampea zilizosomwa na mwelekeo wa kila paneli, kisha mwambieni kila mwenye nyumba matokeo ya paneli yake.